Paka Wako wa Kwanza (3): Maji, Supu na Beseni la Mchanga

Wiki iliyopita tulimwacha mtoto wa paka ametimiza wiki nane, ameachishwa ziwa na kuingia nyumba mpya, bado kajificha uvunguni mwa kitanda. Leo ametoka, anataka kula. Wafugaji wengi wapya hukosea hapa, wala si kwa kukosa huruma. Wanamshibisha vizuri, ila hawajui kwamba paka mwenye kiu haonyeshi kiu yake.

Sababu iko kwenye nasaba yake. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, anayeitwa na wataalamu Felis lybica, ambaye hadi leo anawinda katika nyika zetu. Ni mnyama wa nchi kame. Panya anayemla ana maji kiasi cha asilimia 70 mwilini, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yake huyapata ndani ya windo, na figo zake zimezoea kuubana mkojo ukawa mzito ili maji yasipotee ovyo. Mwindaji wa namna hiyo ukimhamishia kwenye chembe kavu za dukani, zenye maji asilimia 10 hivi, hunywa zaidi kuliko mwanzo, lakini mara nyingi hafikii kiasi alichopungukiwa.

Hebu mtazame anavyokunywa. Mwaka 2010 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani, mmoja wao akiwa Roman Stocker aliyeanza kwa kumchunguza paka wake mwenyewe, walionyesha kwa kamera za mwendo kasi kwamba paka hachoti maji kama mbwa. Hugusa uso wa maji kwa ncha ya ulimi, akauvuta juu upesi, uzi wa maji ukaufuata ulimi, naye akafumba kinywa kabla uzi haujakatika. Hurudia karibu mara nne kwa sekunde, na kila mara hupata tone dogo tu. Mimi huchukua dakika nzima kumwangalia paka akinywa, na bado sijachoka.

Paka wa kilo 4 anahitaji kama mililita 200 za maji kwa siku, tukijumlisha ya kunywa na yaliyomo kwenye chakula. Mwekee bakuli pana, mbali na beseni lake la choo, na ubadilishe maji asubuhi na jioni. Maziwa si badala ya maji. Paka wengi wakishakua hawawezi kusaga sukari ya maziwa. Huharisha, na maji machache waliyokuwa nayo mwilini yakawatoka.

Njia iliyo bora kwangu ni supu. Katika nyumba nyingi za kwetu paka hupewa ugali uliochovywa kwenye mchuzi. Ugali unamjaza tumbo tu. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu hupofuka, na mwaka 1987 daktari Paul Pion na wenzake walionyesha kwamba moyo nao hutanuka na kuishiwa nguvu. Sasa shika hili: taurini huyeyuka katika maji. Ukichemsha firigisi, mioyo ya kuku au vichwa vya samaki kisha ukamwaga maji yake, umemwaga dawa. Mpe nyama pamoja na supu yake ikiwa vuguvugu, nawe utakuwa umemlisha na kumnywesha kwa bakuli moja. Dagaa wakavu waloweke kwanza chumvi itoke, na wasiwe chakula chake cha kila siku. Usitie chumvi, kitunguu maji wala kitunguu saumu. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Anayeweza kununua chakula cha dukani kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa paka anunue, maana taurini huwa imeongezwa, lakini akilowanishe.

Tuje kwenye choo. Beseni la plastiki lenye mchanga mkavu linatosha; ukiwa na paka wawili, weka matatu. Ondoa kinyesi kila siku. Vijidudu vya toksoplasma, ikiwa paka anavyo, huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wake kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayesafisha kila siku anavitangulia. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Wakati wa kusafisha, hesabu mabonge ya mchanga uliolowa. Paka mzima hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku. Dume ana mrija mwembamba mno wa mkojo, na mkojo mzito huweza kujenga chembechembe zikauziba. Ukimwona anaingia beseni mara kwa mara, anachuchumaa, anajikamua, analia au anajilamba sana pale chini, na mchanga ni mkavu, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Sumu za mkojo na potasiamu hupanda katika damu hadi moyo usimame, na hilo halichukui zaidi ya siku mbili tatu. Wala usimpe Panadol kwa kumhurumia. Ini la paka haliwezi kuiondoa dawa hiyo, na kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Ninasisitiza kwa sababu paka wangu wa kwanza, dume mwekundu niliyemwita Sultani, nilimwona akijikamua hivyo nikadhani amefunga choo. Nilimpa kijiko cha mafuta ya kula, nikaenda kulala. Kesho yake alitapika, jioni akashindwa kusimama. Daktari alimpitishia mpira, mkojo ukatoka mwekundu, lakini moyo ulikuwa umeshalegea, akafia pale mezani. Nilikuwa nimesafisha beseni lake asubuhi ile. Hapakuwa na bonge hata moja, nami nilifurahi kwamba kazi ilikuwa nyepesi.

Wiki ijayo: chanjo, tukianza na ya kichaa cha mbwa, ambayo paka naye anaihitaji.