Onja Kwanza Mbele ya Kuuza



Juma hili tunaongea juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaifanya lakini hatupendi kuitaja kwenye mkutano: masanga. Hapa Yanonge kila mmoja wetu anajua nyumba ambamo feza ya masomo ya watoto inatoka kwenye bidoni. Basi hatukuja kumhukumu mtu. Tunauliza neno moja tu: Mama, kile unachouza, umekionja? Na ulipokionja, ulikuwa unatafuta nini?

Kuonja si kunywa

Huko Marekani, watu wanaopika bia nyumbani wana chama cha waamuzi tangu mwaka 1985. Mwamuzi anapewa karatasi yenye alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, namna kinywaji kinavyokaa mdomoni 5, na 10 kwa yote pamoja. Angalieni: sura inapata alama 3 tu! Sisi sokoni tunaangalia povu, tunalipa, tunaondoka.

Hatuna lazima ya kuiga karatasi yao, lakini utaratibu wao unafaa. Kamata glasi safi, si kopo la plastiki lenye harufu ya sabuni. Tazama, nusa, kisha onja kidogo. Suuza mdomo na maji mbele ya kuonja kingine. Anza na chepesi, maliza na kikali. Usionje ukitoka kula pilipili. Tena, mpe mwenzako aonje bila kumwambia ni cha nani, kwa sababu urafiki unadanganya ulimi.

Masanga ya mbila

Maji ya mchikichi yanapotoka mtini ni matamu, lakini chachu iliyo hewani na ndani ya chombo inaanza kazi mara moja. Baada ya saa chache sukari inageuka pombe. Kesho yake uchachu unazidi, na mwisho inakuwa siki. Kwa hiyo masanga mazuri ya asubui yana weupe kama maji yenye maziwa kidogo, povu linalopanda lenyewe, na utamu unaomalizika kwa uchachu mwepesi. Yakiwa mepesi na utamu wake unabaki ulimini kama bombo, uliza kama mtu aliongeza maji na sukari. Yakichoma pua kama siki mapema mno, mara nyingi kosa ni bidoni isiyosafishwa vizuri: mabaki ya jana yanaharibu ya leo. Osha kwa maji ya moto, kausha juani.

Na mti wenyewe? Jirani zetu wa Yangambi wanajulikana ulimwenguni kwa kazi yao juu ya mchikichi tangu kituo cha INEAC, leo INERA, kilipoanzishwa mwaka 1933. Mchikichi unaweza kuzaa zaidi ya miaka 25. Ukiuangusha kwa ajili ya masanga, unapata masanga ya majuma machache, na mawese ya miaka mingi yamekwisha. Hesabu hiyo nayo ni sehemu ya bei.

Lotoko

Hapa tuongee kwa uzito. Lotoko inaanza na mahindi na mihogo. Mahindi yakiota, yanatoa nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari, kisha chachu inafanya pombe. Nusa mahindi yako mbele ya kuyatwanga. Yakiwa na harufu ya ukungu, yatupe: sumu ya ukungu haimalizwi na moto wa jikoni.

Wakati wa kupika, kinachotoka kwanza kwenye mpira ni kikali kupita kiasi, chenye harufu kama rangi ya kucha. Hicho kinamwagwa. Tunajua kinauma, kwa sababu wateja fulani wanakipenda kwa ukali wake, na kila kopo ni feza. Lakini humo vitu vibaya vinakuwa vingi.

Tena msidanganyike na ulimi. Pombe ya sumu inayoitwa metanoli inafanana sana na pombe ya kawaida kwa ladha na harufu. Hata ile desturi ya kuwasha lotoko kwa kiberiti haisaidii: moto unaonyesha kwamba pombe ni kali, hauonyeshi kwamba ni salama. Ulinzi wako uko kwenye kazi yenyewe: mahindi safi, pipa ambalo halikubeba dawa ao mafuta ya gari, na kumwaga cha kwanza. Hata hivyo hakuna anayeweza kuahidi kwamba hatari imekwisha yote. Mtu akinywa, na saa nyingi baadaye akaanza kuona ukungu machoni, kutapika na kuumwa kichwa sana, msiseme ni ulevi tu atalala. Mpelekeni kituo cha afya upesi.

Nani asionje

Mama mwenye mimba asionje, hata kijiko. Mtoto asiitwe kuonja ili watu wazima wacheke. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba pombe ilihusika na vifo vya watu milioni 2.6 mwaka 2019. Na wewe unayepika, onja kisha utema. Mpishi anayemeza kila kopo la majaribio hawezi kutoa alama ya kweli kwenye kopo la mwisho, wala hawezi kuhesabu feza ya likelemba jioni.

Mama anayeonja vizuri anajua kitu kigumu kuliko kupika: kumwaga. Bidoni iliyomwagwa inauma siku moja. Mteja aliyeumia kwa mkono wako, utakutana na watoto wake njiani kila siku.

Wenye maarifa ya kutunza masanga yasichachuke upesi, waje nayo kwenye mkutano ujao. Tutasikiliza.