Mtoto Anapokinai: Kubadilisha Mlo Bila Kupunguza Lishe

Wapo watoto wanaoogopa kila chakula kigeni, na wapo wanaokikimbilia. Mtoto wa kundi la pili huonja dagaa, ndimu na bamia bila kusita, lakini chakula alichokipenda juzi hukisukuma kando leo. Mzazi au mlezi huchoka, na mara nyingi hutafuta nafuu dukani, penye paketi mpya kila wiki. Katika sehemu hii tunaeleza kwa nini hali hii humpata mtoto mwenye umri wa mwaka 1 hadi 5, namna ya kumlisha kwa gharama nafuu, na mambo ya kukagua kabla ya kununua.

Kukinai si kushiba

Aliyeshiba hahitaji tena chakula. Aliyekinai amechoshwa na chakula kimoja. Hamu ya chakula kilichotoka kuliwa hupungua upesi kuliko hamu ya vyakula vingine. Ndiyo maana mtoto aliyeacha nusu ya wali huweza kumaliza kipande kizima cha papai. Tabia hii haistahili adhabu. Ikiongozwa vizuri humnufaisha mtoto, kwa kuwa katika umri huu hakuna chakula kimoja chenye virutubishi vyote anavyohitaji.

Kundi libaki, chakula kibadilike

Mlo kamili huchanganya nafaka, ndizi za kupika au mizizi, jamii ya kunde na karanga, vyakula vitokanavyo na wanyama, mboga za majani, matunda, na mafuta kiasi. Tunashauri mabadiliko yafanywe ndani ya kila kundi. Mtoto akikinai maharage, apewe choroko, kunde au mbaazi za nazi. Akichoka ugali, yapo magimbi, viazi vitamu na ndizi. Mchicha unaweza kuupisha matembele au kisamvu.

Pale kipato kisiporuhusu chakula kingine, badilisha upishi. Dagaa walewale huweza kukaangwa, kuungwa kwa nazi, au kusagwa na kutiwa katika mboga. Ndizi zilezile huweza kuchemshwa, kuchomwa au kupikwa mtori.

Badilisha kitu kimoja kwa kila mlo. Hivyo hasara itakuwa ndogo mtoto akikataa, na iwapo atatokwa na upele, kuvimba midomo au kutapika, chanzo kitatambulika kwa urahisi. Chakula alichokikinai kisifutwe kabisa. Kirejeshwe baada ya siku chache. Akikataa mlo, ondoa sahani bila ugomvi na usubiri wakati wa mlo unaofuata au kitafunwa, badala ya kupika mara ya pili. Chai isiambatane na chakula, kwa sababu hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hufyonza. Chungwa au pera pamoja na maharage huongeza ufyonzaji huo.

Paketi nyingi, chakula kilekile

Mtoto mwenye hamu ya vitu vipya ni mteja rahisi wa bidhaa za rangi na ladha mbalimbali. Mlaji azingatie kwamba biskuti ya ndizi, ya nazi na ya chungwa, kwa kawaida, zote ni unga wa ngano, sukari na mafuta. Kinachotofautiana ni kiungo cha ladha. Vivyo hivyo, picha ya embe kwenye kopo haithibitishi kuwa ndani mna embe.

Soma orodha ya viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikitajwa mwanzoni, bidhaa hiyo ni tamu kuliko ilivyo lishe. Sukari huweza pia kuandikwa kwa majina ya glukosi, fruktosi au sukrosi. Kagua alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina na anwani ya mzalishaji, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Unga wa lishe wahitaji uangalifu

Wazazi wengi huongeza aina za nafaka na karanga katika uji ili kubadilisha ladha. Wingi wa aina hauongezi usalama: mahindi au karanga chache zenye ukungu huweza kuharibu unga wote kwa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, haina harufu, na upishi wa kawaida hauiondoi. Mwaka 2016, watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana nayo. Kabla ya kusaga, ondoa punje zilizooza, zilizosinyaa au kubadilika rangi, na usiwape kuku. Saga kiasi kidogo, hifadhi pakavu, na usinunue unga usio na lebo.

Mipaka ya kuonja

Mtoto aliye chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima wala pipi ngumu, kwani humpalia. Mihogo mibichi asitafune. Baadhi ya aina zina sumu inayohitaji kuondolewa kwa maandalizi na kupikwa vizuri. Anayependa kula udongo, mkaa au chaki apelekwe kituo cha afya, kwa sababu tabia hiyo huweza kuambatana na upungufu wa damu.

Kipimo cha mafanikio ni kadi ya kliniki kuliko sahani tupu. Uzito ukiendelea kupanda kama inavyotarajiwa, kukinai kwa mtoto kusikutie hofu. Uzito ukisimama au kushuka, usibadilishe chakula tena kwa kubahatisha. Mpeleke kliniki, ukiwa na orodha ya vyakula alivyokula wiki hiyo.