Kuhama seva ya barua pepe: Kwa nini ujumbe hupotea njiani

TAASISI nyingi zinazoendesha seva zao za barua pepe zimelazimika kufikiria kuhama, hasa baada ya Microsoft kusitisha huduma kwa programu zake za Exchange 2016 na Exchange 2019 Oktoba 14, 2025.

Kazi hiyo huonekana nyepesi machoni pa watumiaji. Hata hivyo, ndicho kipindi ambacho hati za zabuni, ankara na maombi ya kazi hupotea bila mtumaji wala mpokeaji kutambua.

Chanzo cha matatizo ni kwamba masanduku ya wafanyakazi wote huwa hayahami kwa usiku mmoja. Kwa siku au wiki kadhaa, seva mbili huhudumia jina moja la taasisi, kila moja ikiwa na sehemu ya wafanyakazi.

Tuseme mhasibu amekwisha kuhamia seva mpya, ilhali ofisa ununuzi amebaki katika seva ya zamani. Barua za mhasibu kutoka nje ya ofisi zinamfikia, lakini zile za ofisa ununuzi, aliye chumba cha pili, hazifiki.

Sababu ni kuwa seva ya zamani bado inaamini kuwa ndiyo mmiliki pekee wa jina la taasisi. Kama tarishi asiyejua kuwa ofisi imehama, haitoki nje kuuliza anwani mpya. Sanduku la zamani la mhasibu likiwapo bado, huitumbukiza barua humo. Likiwa limefutwa, huikataa kwa namba 550, yaani mpokeaji hayupo.

Kati ya hayo mawili, la kwanza ndilo baya zaidi. Barua iliyokataliwa humrudia mtumaji na kumzindua, lakini iliyopokelewa katika sanduku lisilofunguliwa na mtu haimpi mtumaji dalili yoyote.

Tiba yake ni kuiarifu seva ya zamani kuwa jina hilo linatumiwa na seva mbili, na kwamba mpokeaji asiyekuwamo kwake apelekwe seva mpya. Masanduku ya waliohama nayo yafungwe au yawekewe maelekezo ya kupeleka barua mbele.

Hata hivyo, maelekezo ya jumla ya namna hiyo yawekwe upande mmoja tu. Kila seva ikimrushia mwenzake mpokeaji isiyemfahamu, barua yenye anwani iliyokosewa itazunguka baina yao hadi ikataliwe kwa kuzidi idadi ya mihuri ya njiani inayoruhusiwa.

Tatizo la pili linahusu rekodi ya MX, ambayo huutangazia ulimwengu ni seva ipi inayopokea barua za taasisi. Rekodi hiyo huhifadhiwa na kompyuta nyingine kwa muda uliowekwa, aghalabu sekunde 86,400, sawa na saa 24.

Kwa hiyo, kwa siku nzima baada ya mabadiliko, baadhi ya watumaji wataendelea kubisha hodi kwenye mlango wa zamani. Inafaa muda huo upunguzwe hadi sekunde 300 angalau siku moja kabla ya kuhama, na seva ya zamani isizimwe mapema.

Aidha, ni vyema kuzijua namba za majibu. Jibu linaloanza na 4 humaanisha kuwa tatizo ni la muda na barua itajaribiwa tena. Linaloanza na 5 ni la mwisho. Kanuni za SMTP za mwaka 2008 zinaelekeza seva inayotuma iendelee kujaribu kwa siku nne hadi tano kabla ya kukata tamaa.

Ndiyo maana seva iliyozimika kwa saa chache kwa kawaida haipotezi barua, ila seva iliyo hai inayojibu isivyo sahihi huzipoteza.

Kuna pia barua zinazotoka. Anwani ya seva mpya isipoongezwa katika rekodi ya SPF, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la taasisi, barua zinaweza kuishia kwenye kapu la barua taka. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zimekaza masharti ya uthibitisho huo kwa watumaji.

Kabla ya kumhamisha mtu wa pili, mtaalamu ajaribu barua kutoka seva ya zamani kwenda mpya, kutoka mpya kwenda ya zamani, kutoka nje kwenda zote mbili, na kutoka zote mbili kwenda nje. Ikikosekana moja, asome mihuri ya njiani kuanzia chini kwenda juu, kisha afungue kumbukumbu za seva zote mbili kuona ilikoishia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu hizo zitunzwe hata baada ya seva ya zamani kuzimwa, kwani malalamiko mengine hufika wiki kadhaa baadaye.