Fahamu: Kromosomu X na akina mama wa Waswahili

Mwanamume ana kromosomu X moja tu, aliyopewa na mama yake. Mwanamke ana mbili: moja ya mama, nyingine ya baba. Hivyo theluthi mbili za X katika jamii hubebwa na wanawake, na kromosomu hii husaidia kufuatilia asili ya akina mama.

Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu asili ya Waswahili, uliochunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao Kenya, katika kisiwa cha Manda na Mtwapa kwenye pwani ya bara, na Tanzania, katika visiwa vya Kilwa na Songo Mnara.

Asili ya Kiasia, hasa ya Uajemi, ilijitokeza zaidi kwenye kromosomu Y, inayotoka kwa baba. Kwenye X ilipungua, na vinasaba vya mitokondria, vinavyotoka kwa mama, karibu vyote vilikuwa vya Kiafrika. Kwa hiyo wageni wengi walikuwa wanaume, wakazaa na wanawake wenyeji kuanzia takriban mwaka 1000.

Lakini miji haikufanana. Pwani ya Kenya, upande wa Kiafrika ulichanganyika na damu ya wafugaji wa kale. Kilwa ulikuwa wa Kibantu zaidi.