Radi za alfajiri na umbo la Bukoba

Mvua ya Bukoba hupenda alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, hewa ya baridi huteremka kwenye Ziwa Victoria kutoka kila upande na kuisukuma juu hewa yenye unyevu, ambayo huwa mawingu ya radi. Pepo za mashariki kisha huyaleta mawingu hayo kisiwa cha Bumbire, Muleba na Bukoba. Mji wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sehemu kame za Karagwe, mbali na ziwa, hazifiki 1,000. Radi za alfajiri zinapofika, wavuvi huwa bado majini. Na asubuhi ya 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba ilianguka ziwani. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki.

Ili kutabiri radi hizo, kompyuta huigawa anga katika seli, kila moja na upepo, joto, unyevu na kanieneo yake, kisha hukokotoa mabadiliko hatua kwa hatua. Programu za utabiri kama WRF huichukulia hewa kama ilivyo: kitu kinachobanika. Hapo ndipo gharama inapopanda, kwa sababu hewa inayobanika hupitisha sauti, na sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Mwaka 1928 wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba hesabu ya kawaida huvurugika wimbi likiruka zaidi ya seli moja katika hatua moja. Seli yenye upana wa kilomita 4 huruhusu hatua ya sekunde 12 hivi. Tabaka la chini lenye unene wa mita 20 huruhusu sekunde 0.06 tu! Sauti haileti mvua, lakini ingeimeza kompyuta nzima. Kwa hiyo WRF huipa sauti hatua zake fupi, na mwendo wake wa juu na chini huutatua kwa safu yote ya hewa kwa pamoja. Upepo na mvuke hupewa hatua ndefu.

Kinachonisumbua zaidi ni umbo la ardhi ya Bukoba. Kingo za mawe ya mchanga huinuka ghafla karibu na maji, na nyuma yake kuna matuta yanayokwenda kaskazini hadi kusini. Kwa kawaida matabaka ya seli za programu hutandazwa juu ya ardhi kama blanketi, yakipanda na kushuka nayo. Kwenye mteremko mkali, nguvu ya kanieneo hupatikana kwa kutoa namba kubwa kutoka namba kubwa nyingine, na kosa dogo huzaa upepo usiokuwapo. Njia nyingine huacha seli wima na kuzikata pale mwamba unapopita. Vipande vidogo vinavyobaki hudai tena hatua fupi mno, hivyo huunganishwa na seli jirani.

Katika seli ya kilomita 4, uwanja wa ndege, ufukwe na mwamba huweza kupewa kimo kimoja. Kushuka hadi kilomita 1 huzidisha seli mara 16 na hatua mara 4, yaani kazi mara 64. Sioni haja ya kulipa gharama hiyo kwa ziwa zima. Seli pana zitoshe katikati ya ziwa, radi zinakozaliwa, na zile ndogo zipachikwe ndani yake kuanzia Bumbire hadi nyuma ya matuta, ambako watu wanavua na ndege zinatua.