Sheria ya maziwa ya kopo imkumbuke mtoto asiye na ziwa

Ukiteremka kwenye gari pale Uchira, kando ya barabara kuu ya Moshi na Himo, ukaanza kupanda mteremko wa Kilimanjaro kuelekea Kirua Vunjo, maduka ya njiani yatakupa sukari, chumvi, sabuni na unga. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga hayamo katika kila duka. Mwenye shida nayo hushuka Himo au Moshi mjini, akaingia duka la dawa, akatajiwa bei inayofika makumi ya maelfu ya shilingi kwa kopo dogo.

Familia nyingi za mteremkoni hazina haja ya safari hiyo. Mama akijifungua ananyonyesha, na taifa limepiga hatua: utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi 6 walikuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Lakini wapo wasiokuwa na ziwa la kunyonya: yule ambaye mama yake alifariki akijifungua, yule aliyetupwa akaokotwa, yule ambaye mama yake anatibiwa saratani kwa dawa zisizoruhusu kunyonyesha. Mzigo wa mtoto huyo mara nyingi humwangukia bibi, ambaye kipato chake ni kahawa ya msimu, ndizi za kihamba (shamba la nyumbani) na maziwa ya ng'ombe mmoja wa bandani.

Tanzania ina sheria nzuri ya kumdhibiti mwenye kiwanda cha maziwa ya kopo. Haijaweka utaratibu unaomwambia bibi huyo mjukuu wake atakula nini kesho asubuhi. Pengo hilo linagharimu afya ya watoto, na linazibika.

Sheria yenyewe ilizaliwa na maafa. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni za maziwa ziliwatuma kwenye wodi za wazazi za nchi maskini wanawake waliovaa kama wauguzi, wakigawa makopo ya bure. Mama alitumia kopo la zawadi, maziwa yake yakapungua kwa kukosa mtoto wa kuyanyonya, na kopo lilipoisha ilimbidi anunue. Asiyekuwa na uwezo aliongeza maji ili unga udumu. Mwaka 1977 wanaharakati wa Marekani walianzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé. Tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva ukapitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nchi 118 ziliunga mkono, 3 hazikupigia kura upande wowote, na moja tu ilikataa: Marekani.

Tanzania iliiingiza kanuni hiyo katika sheria zake mwaka 1994, kisha ikatunga kanuni mpya mwaka 2013 chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula umehamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Msingi haujabadilika: hakuna kutangaza maziwa ya kopo kwa umma, hakuna kumpa mama sampuli ya bure, hakuna kumzawadia muuguzi, na kopo halipambwi kwa picha ya mtoto mnene anayecheka.

Katazo hilo ni la haki, na anayelitilia shaka aangalie maji. Mteremko wa Kilimanjaro una historia ndefu ya mifongo, mifereji iliyochimbwa na wazee kuleta maji ya mlimani hadi vihambani, na baadaye ikaja miradi ya mabomba ya mserereko. Lakini bomba likikatika au mvua ikichafua chanzo, familia hurudi kwenye mfereji. Unga wa maziwa si dawa iliyotakaswa. Unaweza kubeba vijidudu tangu kiwandani, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza ukorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado yana moto usiopungua nyuzi 70. Maana yake ni kuwasha kuni mara nyingi kwa siku, na usiku pia, na kuosha chombo kwa maji safi kila mara.

Botswana ililiona hilo kwa uchungu. Serikali yake, kwa nia njema, iliwagawia bure maziwa ya kopo akina mama wenye virusi vya UKIMWI ili wasiwaambukize watoto. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa ilinyesha, maji yakachafuka, kuhara kukalipuka. Watoto kwa mamia walikufa, na waliolazwa walikuwa zaidi wale wasionyonya.

Kilimanjaro nayo ilipita katika mtihani huo. Hospitali ya KCMC ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza nchini kujaribu huduma ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ushauri wa wakati ule ulimtaka mama achague: anyonyeshe bila kuchanganya kitu kingine, au asinyonyeshe kabisa. Mtafiti Sebalda Leshabari na wenzake waliwafuatilia akina mama wa mkoa huu na kuonyesha jinsi chaguo hilo lilivyokuwa gumu. Aliyetaka kopo hakuwa na fedha za kuliendeleza. Asiyenyonyesha aliulizwa na mama mkwe na majirani sababu, na jibu lilikuwa siri yake ya ugonjwa. Aliyenyonyesha naye alisongwa ampe mtoto maji au kitu kingine kwa kuwa hashibi. Leo dawa zimeondoa sehemu kubwa ya mtihani huo: mwaka 2013 Tanzania ilianza kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha, naye akizitumia ipasavyo ananyonyesha.

Wanaobaki ni wale wasio na chaguo kabisa, na kwao hesabu ni nzito. Mtoto asiyenyonya huhitaji takriban kilo 20 za unga wa maziwa kwa miezi 6 ya kwanza. Hayo ni makopo 40 ya gramu 500, au 50 ya gramu 400. Kopo la gramu 400 humalizika kwa siku tatu au nne. Familia ya kihamba haiwezi kulifukuzia kopo kwa kasi hiyo, hata ikiuza mbuzi, hata ndugu wa Dar es Salaam wakichanga. Uhaba wa maziwa ya kopo Kirua Vunjo ndio huu: duka la dawa mjini limejaa, mfuko wa nyumbani ni mtupu.

Familia ikishindwa hugeukia ng'ombe wake. Maziwa yanachemshwa, yanaongezwa maji na sukari kidogo, mtoto anapewa. Au anaanzishiwa uji kabla ya miezi 3. Hakuna wa kuwalaumu, wanatumia walichonacho. Lakini maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno kwa mtoto mchanga, na protini na chumvi zake huelemea figo ambazo hazijakomaa. Shirika la Afya Duniani linayaruhusu kwa mtoto asiyenyonya kuanzia miezi 6, si kabla.

Hapa ndipo sheria zinapopishana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi au mlezi ampatie mtoto chakula, na inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake. Kanuni za maziwa ya kopo zinafunga mlango wa zawadi za viwanda hospitalini. Kila moja ina haki kwa upande wake. Ila bibi akisimama kati ya sheria hizo mbili, moja inamwambia lisha, nyingine imeondoa msaada wa kampuni, na hakuna iliyomwonyesha dirisha la kupokelea maziwa.

Kanuni ya Kimataifa yenyewe haikumsahau mtoto huyu. Ilisema wazi kuwa taasisi ikigawa maziwa ya msaada kwa watoto wanaolazimika kuyatumia, ihakikishe hayakatiki kwa muda wote wanaoyahitaji. Mwaka 1994 Mkutano Mkuu wa Afya uliitaka dunia ikomeshe ugavi wa bure au wa bei ya punguzo katika huduma za afya, kwa sababu kampuni zilitumia mwanya huo kujitangaza. Hakuna kilichoizuia serikali kununua kwa fedha zake na kumpa mtoto aliyethibitishwa na daktari.

Na serikali tayari inagawa maziwa maalumu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa hupewa maziwa ya tiba, F-75 na F-100, kwa utaratibu unaojulikana na kila muuguzi wa wodi ya watoto. Maana yake mjukuu wa bibi yetu lazima kwanza adhoofike, avimbe au abaki mifupa, ndipo mfumo umtambue. Kumlisha tangu siku ya kwanza kungekuwa utu, na pengine nafuu pia kuliko kitanda cha hospitali.

Ndugu zetu walioko Marekani waliona upande mwingine wa jambo hili. Februari 2022 kampuni ya Abbott ilirudisha maziwa yake na kufunga kiwanda cha Sturgis, Michigan, kwa hofu ya vijidudu. Kwa kuwa kampuni nne zilishika karibu soko lote, rafu zikabaki tupu. Familia za kipato cha chini ziliumia kwa namna yake: mpango wa serikali wa WIC huwanunulia maziwa, lakini kila jimbo huingia mkataba na kampuni moja, na kadi ya mama haikununua chapa nyingine. Tarehe 21 Mei 2022, miaka 41 kamili tangu kura ya Geneva, Rais Biden alisaini sheria ya kuulegeza mpango huo wakati wa dharura. Funzo ni la pande mbili: taifa linaweza kumlipia mtoto maskini maziwa yake, na likifanya hivyo lisimfunge kwa muuzaji mmoja.

Upo pia uhaba wa maziwa ya mama unaotengenezwa na kazi. Mila ya Wachagga ilimpumzisha mzazi miezi 3, akiletewa mtori na nyama, shughuli za shamba zikabebwa na wengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inafanana nayo: siku 84 za likizo yenye malipo, 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku akirudi kazini. Lakini siku 84 haziifikii miezi 6, na mama muuza ndizi wa soko la Himo hana mwajiri wa kumpa hata hizo. Anarudi sokoni mapema, mtoto anaachwa na dada yake na uji, maziwa yanapungua. Waswahili walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Sheria zetu bado zimeelemea kwenye mimba.

Yanayowezekana yako karibu. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Kwa mtoto mmoja fedha hiyo haifiki hata thamani ya kopo. Kwa halmashauri yenye watoto 50,000 ni shilingi milioni 50, na watoto wachanga wasio na ziwa ni wachache sana katika hesabu hiyo. Sehemu yake itengwe kwa ajili yao. Daktari athibitishe, Bohari ya Dawa inunue, kopo litolewe bila mbwembwe za chapa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii apande hadi nyumbani kumfundisha mlezi kuchemsha maji, kukoroga na kunywesha kwa kikombe, ambacho huoshwa kwa urahisi kuliko chupa. Kenya imeongeza njia nyingine: tangu mwaka 2019 Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ina benki ya maziwa ya akina mama kwa watoto njiti na wagonjwa. Hospitali zetu kubwa za rufaa zinaweza kujifunza huko.

Katazo la matangazo libaki, tena lisimamiwe kwa ukali, hata kwenye simu ambako wauzaji wamehamia. Kanuni za mwaka 2013 zikipitiwa upya, waandishi wa sheria waongeze kifungu kimoja: mtoto aliyethibitishwa na daktari kuwa hana njia ya kupata maziwa ya mama atapewa chakula chake na halmashauri, bila malipo, kwa miezi 6 ya kwanza. Na wabunge na madiwani wanaokuja kuomba kura vijijini waulizwe, kwa majina yao, kama watakiunga mkono.