Meksiko Jikoni na Harusini: Maelezo kwa Watu wa Tana

Mnamo Novemba 2010 kamati ya UNESCO ya kulinda urithi wa utamaduni ilifanya kikao chake Nairobi, na katika kikao hicho upishi wa jadi wa Meksiko ukaandikwa katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Wameksiko hawakuja kusifia mahoteli. Walileta habari za shamba na za mawe ya kusagia, za mahindi, maharagwe na pilipili, na za wanawake wa vijiji vya jimbo la Michoacán wanaowarithisha binti zao ufundi wa jiko. Huku kwetu habari hiyo ilipita kimya, nasi tulipaswa kuwa wa kwanza kuisikia. Maji ya Tana yakishashuka, mkulima wa Idsowe hupanda mahindi kwenye udongo ulioachwa na mafuriko, na pembeni malenge, nyanya na miche michache ya pilipili. Mimea hiyo yote minne ilikuwa ikilimwa Meksiko maelfu ya miaka kabla meli za Wazungu hazijaivusha bahari.

Siku hizi iko sababu nyingine ya kuijua nchi hiyo. Vijana wetu walio Marekani na Kanada wakitaka kuoana, wapo wanaochagua ufuo wa Meksiko, ambako marafiki zao wa kule wanakoishi hufika kwa saa chache za ndege. Mzee wa Garsen akiletewa kadi yenye jina la Cancún au Tulum ana haki ya kuuliza ni wapi huko, wanakula nini, na ndoa ya huko anaitambua nani.

Meksiko inaizidi Kenya kwa ukubwa zaidi ya mara tatu: karibu kilomita za mraba milioni mbili, majimbo 32 ukihesabu mji mkuu, na watu milioni 126 kwa hesabu ya mwaka 2020. Kihispania ni lugha ya ofisi na ya soko, lakini serikali inatambua pia lugha 68 za wenyeji, Kinahuatl, Kimaya na Kizapoteki zikiwamo. Katikati ni nyanda za juu. Mji mkuu uko mita 2,240 juu ya bahari, na usiku wa Januari huko mtu wa Garsen atatafuta blanketi la pili. Saa za mji huo ziko nyuma ya zetu kwa saa tisa. Sisi tukikaa kula mchana saa saba, wao ni saa kumi za alfajiri. Pwani zao ni mbili, ya Pasifiki magharibi, na ya Ghuba na Karibi mashariki. Tena wamo wenzetu wa mafuriko. Jimbo la Tabasco, ambako mito ya Grijalva na Usumacinta inateremkia baharini, ni nchi ya tope, migomba na mikakao. Mwishoni mwa 2007 sehemu kubwa ya jimbo hilo ilifunikwa na maji, na watu zaidi ya milioni moja wakaathirika. Huko huchoma samaki wa mtoni mzima mzima juu ya kijiti, samaki mwenye taya ndefu za mamba aitwaye pejelagarto. Mla kambale hatamcheka.

Lakini habari kubwa ni mahindi. Wataalamu wanaukuta mwanzo wake katika bonde la mto Balsas, kusini magharibi mwa nchi, yapata miaka 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya porini iitwayo teosinte. Mbegu ilitufikia, ila ujuzi wake ulibaki kwao. Mama wa Kimeksiko hasagi mahindi makavu. Jioni huyachemsha katika maji yaliyotiwa chokaa kidogo, huyaepua, huyaacha yalale humo hadi asubuhi, kisha huyaosha mpaka maganda yaachane na punje. Mahindi hayo, wanayoyaita nixtamal, husagwa yangali na unyevu yakawa donge laini. Zamani kazi hiyo ilifanyiwa juu ya jiwe, mwanamke amepiga magoti tangu alfajiri. Leo ndoo hupelekwa kwenye mashine ya mtaani, na foleni yake ina umbea uleule wa foleni ya posho yetu. Donge hukatwa vitonge, vitonge hubanwa vikawa duara nyembamba, na duara huokwa bila mafuta juu ya kikaango bapa cha udongo au chuma. Ikivimba imeiva. Hiyo ndiyo tortilla. Ni chakula na ni kijiko, na isipokuwapo mezani watu husema hawajala, hata pakiwa na nyama.

Chokaa ile haifanyi kazi ya kulainisha tu. Inaifungua niasini, vitamini ambayo ndani ya mahindi imefungwa na tumbo haliipati. Ulaya ilichukua mahindi ikaacha chokaa, na maskini wa Hispania na Italia waliokula mahindi na kitoweo haba wakashikwa na pelagra: ngozi huchubuka, tumbo huharisha, akili huvurugika. Daktari Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo nchini Hispania mwaka 1735. Karibu na kwetu, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwaka 1990, wakila mgao wa mahindi huku karanga zimekatika, waliugua kwa maelfu. Sisi tumeokolewa na kitoweo: samaki wa mto, maziwa ya Waorma, kunde. Bado nyumba inayolala na ugali mtupu wiki baada ya wiki mafuriko yakishaikata barabara haiko salama. Maafisa wetu wa lishe wangefanya vyema kuujaribu ujuzi huu, kwa chokaa safi ya kula na si ile ya kupaka ukuta, kabla ya kuandaa semina nyingine.

Mlo mkubwa wa nyumbani ni wa alasiri, kati ya saa nane na saa kumi. Maharagwe hayakosi mekoni. Salsa hupondwa kwenye kinu cha jiwe: nyanya, kitunguu, pilipili, giligilani, chumvi. Asubuhi kuna atole, uji wa donge lile lile la mahindi, pengine umetiwa kakao. Mkamba akionyeshwa pozole atadhani ni muthokoi uliotiwa supu ya nyama, na hatakuwa mbali. Jimbo la Jalisco linajivunia mchuzi wa mbuzi uitwao birria. Tamales ni donge la mahindi lililojazwa nyama au maharagwe, likafungwa na kupikwa kwa mvuke. Nyanda za juu hulifunga kwa maganda ya mahindi, na sehemu za joto kama Veracruz, Yucatán na pwani ya Oaxaca hutumia majani ya mgomba.

Chakula cha sherehe ni mole. Ni mchuzi mzito, mweusi au mwekundu, wenye pilipili kavu za aina tatu au nne, ufuta, karanga au lozi, zabibu, nyanya, mdalasini, karafuu, pilipili manga, na kipande kidogo cha chokoleti. Aliyekuambia kwamba mole ni nyama ya chokoleti amekupotosha. Chokoleti imo kwa kipimo, na kwa mbali. Kila kiungo hukaangwa peke yake hadi kifike rangi yake, kisha vyote husagwa na kurudishwa motoni kwa saa nyingi. Mpishi wa pilau wa Garsen, anayejua kitunguu kikizidi weusi sinia nzima imeharibika, angeielewa kazi hiyo bila kufundishwa.

Vyakula vilisafiri pande zote mbili. Kuanzia 1565 hadi 1815 meli za Wahispania zilikwenda na kurudi kati ya Manila, Ufilipino, na Acapulco, bandari ya Meksiko kwenye Pasifiki, na kwa njia hiyo embe la Asia likaingia Meksiko. Hadi leo aina moja huko inaitwa Manila. Muuzaji wa barabarani hulimenya, hulichoma kijiti, na kulipaka chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Mtoto wa Idsowe hahitaji mkalimani hapo. Katika jimbo la Colima utakuta wagema juu ya minazi, na kinywaji chao, tuba, ni tembo hasa, ufundi ulioletwa na Wafilipino. Ukwaju na rosela, mimea ya Afrika, vimekuwa vinywaji baridi vya kila mkahawa. Meksiko sasa ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa maembe duniani, na ngowe zetu msimu wa neema zinaoza chini ya miti. Hilo ni shauri jingine, la barabara na soko.

Sasa harusi. Katika vijiji vya Wazapoteki wa bonde la Oaxaca, kama Teotitlán del Valle, harusi huanzia kwenye daftari. Mila yenyewe inaitwa guelaguetza. Nyumba yenye sherehe hupokea kwa majirani bata mzinga, mahindi, kakao, mayai, vikapu vya tortilla, na kila kitu huandikwa kwa jina na kwa kipimo. Bata mzinga hupimwa kwa kilo. Si zawadi ya kusahauliwa. Siku jirani yule akiozesha, atadai, nawe utarudisha kitu kile kile kwa uzito ule ule, na ukifa kabla ya kulipa mtoto wako atalipa. Kwa hiyo mzazi mwenye busara huanza kukopesha kijiji mwanawe angali mdogo. Wanawake hukusanyika siku kadhaa kabla, hawa wanasaga, wale wanachinja, wengine wanakoroga mole kwa mwiko mrefu. Kamati zetu za harusi, zinazodai mchango kwa M-Pesa kwa watu ambao hawatakumbukwa tena, zina la kujifunza hapo. Vyama vya akina mama wa pwani vinavyopeana zamu ya sufuria na nguvu za mikono viko karibu zaidi na Oaxaca.

Mjini mzigo hugawanywa kwa padrinos, wasimamizi: huyu analipia pete, yule keki, mwingine muziki. Kanisani bwana harusi humkabidhi bibi sarafu 13, ahadi ya kumtunza, na kamba au rozari ndefu huzungushwa mabegani mwao wote wawili. Ukumbini wageni hucheza na maharusi huku wakiwabandika noti nguoni, na Mswahili aliyezoea kutuza hatashangaa. Kesho yake jamaa hurudi kumalizia sufuria, na karamu hiyo ya pili, tornaboda, wengi huipenda kuliko ya kwanza kwa sababu hakuna hotuba.

Harusi ya ufukweni ni kitu kingine kabisa. Cancún, kwenye pwani ya Karibi, ni mji uliopangwa na serikali: ujenzi ulianza 1970 mahali palipokuwa na wavuvi wachache, na hoteli za kwanza zikafunguliwa 1974. Sherehe ya huko ni bidhaa, kama ilivyo kwa wageni wanaokuja kufunga ndoa Diani au Zanzibar: maua, viti vyeupe, picha na chakula kwa bei moja. Si haramu, na kwa familia iliyotawanyika mabara matatu ni nafuu ya kweli. Ila chakula chake mara nyingi ni cha hoteli yoyote duniani, na mgeni anaweza kuruka kurudi kwao bila kuonja tortilla iliyotoka kwenye nixtamal.

Anayepanga ajue mambo haya. Tangu sheria ya Rais Benito Juárez ya 1859, ndoa inayotambuliwa na dola ya Meksiko ni ile iliyofungwa mbele ya msajili wa serikali. Kasisi au mshereheshaji wa ufukweni hana mamlaka hayo. Msajili hutaka pasipoti, vyeti vya kuzaliwa vilivyothibitishwa na kutafsiriwa kwa Kihispania, na mashahidi. Majimbo mengine yamekuwa yakidai hata vipimo vya damu. Ndiyo maana maharusi wengi wa kigeni hufunga ndoa ya kisheria kwao kwanza, na Meksiko huenda kwa sherehe tu. Kwa Mkenya njia hiyo ni nyepesi, maana Sheria ya Ndoa ya 2014 inaikubali ndoa ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu, ya kimila na ya serikali.

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza, isipokuwa awe tayari na viza halali ya Marekani, na ubalozi wa Meksiko uko Nairobi. Ndege ikipitia Marekani utahitaji hiyo viza ya Marekani, hata kama hutoki uwanjani. Njia ya Istanbul inaondoa usumbufu huo. Msimu wa vimbunga upande wa Karibi ni Juni hadi mwisho wa Novemba, na upande wa Pasifiki huanza katikati ya Mei. Si wa kudharau: Wilma iliipiga Cancún Oktoba 2005, na Otis ikaibomoa Acapulco Oktoba 2023. Kuanzia majira ya kuchipua mwani wa sargasi huweza kujaa kwenye fukwe za Karibi na kunuka. Chagueni Januari au Februari.

Mwislamu aulize kila mara kuhusu manteca, mafuta ya nguruwe. Hayaonekani, lakini yamo katika tamales nyingi na katika maharagwe yaliyokaangwa, na mpishi hataona haja ya kukutajia. Samaki, mayai, jibini na tortilla tupu vitakutosha ukikosa mchinjaji wa halali. Nanyi maharusi, mkishalipia viti vyeupe, tengeni siku moja mtoke hotelini, mtafute mama wa kijijini awapikie wageni wenu mole ya bata mzinga, na mumlipe bila kupunguza bei.